Mhina

Mhina, kwa jina la kisayansi Lawsonia inermis, ni mti mdogo wenye matawi mengi unaopandwa uani au kuwa wigo wa nyumba, na majani yake ndiyo yanayotoa hina. Hustawi katika pwani ya Afrika Mashariki, Uarabuni, Sudan na Bara Hindi. Ni wa familia ya Lythraceae pamoja na mkomamanga, na miche ya miti hii miwili huwachanganya watu.

Yote ina majani membamba yasiyo na meno pembeni, yanayokaa mawili mawili yakikabiliana, na yote hutoa miiba matawi yakikomaa. Chipukizi la mkomamanga aghalabu lina wekundu. Jani la mhina ni dogo, sm 1.5 hadi 5. Asiyetaka kungoja maua atwange majani mabichi, ayakamulie ndimu, kisha ayabandike kiganjani kwa saa chache: ikiwa ni mhina, kiganja kitabaki na rangi ya chungwa isiyotoka kwa sabuni. Hiyo ni kazi ya lawsoni, kemikali inayoshikamana na protini ya ngozi, kucha na nywele. (Piko nyeusi wanayopakwa maharusi haitoki kwenye mti huu, mara nyingi ni dawa ya nywele ya dukani, na huweza kubabua ngozi.)

Maua yakitoka, ubishi umekwisha. Ya mkomamanga ni makubwa, mekundu. Ya mhina ni madogo, meupe au ya manjano hafifu, yamesongamana vishada vishada na kunukia sana. Kila moja lina petali nne zilizojikunja na stameni nane, mbili mbili. Tunda ni kidonge kikavu kama punje ya pilipili manga, kimejaa mbegu ndogo zenye pembe.

Ukiachwa bila kukatwa, mhina hufika meta 2 hadi 6, na ule wa miaka mingi huota shina hasa. Lakini kimo cha mhina wa jirani hakimsaidii mpandaji kabla hajajua unapogolewa mara ngapi. Ukikatwa karibu na ardhi huchipua upya, na wakulima wa hina huuvuna hivyo mwaka baada ya mwaka bila kuuacha urefuke. Wigo wa kufika kifuani hupatikana bila taabu. Anayetafuta kivuli cha kuwekea mkeka apande mti mwingine. Ukame huustahimili, maji yaliyotuama huuozesha mizizi.