Tshibumba, muuza picha aliyetembeza historia yetu

Bandugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu, safari hii tunawaletea habari ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1947, mji ungali unaitwa Élisabethville.

Hakuwa na duka. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya bunga, kisha akapita nyumba kwa nyumba kutafuta mnunuzi. Miaka ile ya 1970 wafanyakazi wa Gécamines na makarani walipenda kutundika tablo ku salon. Iliyopendwa sana ni mamba muntu, yule mwanamuke wa ndani ya maji mwenye mukia wa samaki. Nyingine zilionyesha taabu ya zamani, kama mfungwa anayechapwa fimbo wakati wa Wabeleji. Hizo ziliitwa ukumbusho: mgeni akiiona, baba wa nyumba anaanza kusimulia.

Tshibumba alichora zote hizo, maana alipaswa kula. Lakini alisema yeye ni mwanahistoria. Wengine walirudia picha zinazouzika. Yeye alitaka kuchora inchi nzima, toka mwanzo. 1973 alibisha mlango wa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, akapata mtu wa kumsikiliza. Mpaka 1974 alimletea picha karibu 100, na akazieleza kwa Kiswahili chetu: wagomaji wa Union Minière waliopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira Desemba 1941, kifo cha Lumumba, utengano wa Katanga, ule uliokwisha hapa Kolwezi Januari 1963.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Picha zake ziko Amsterdam, na kitabu kilichotoka 1996 ni cha Kiingereza.

Kwa nini tunamwandika hapa? Sababu 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala ku gare siku na siku wakingojea treni, hatukuwa na Tshibumba. Mengi ya mambo hayo yangali vichwani mwa wazee wetu, na wazee wanatutoka. Ripoti zetu zinahesabu mabati na magunia ya bunga. Hazisemi nani alizikwa njiani.

Basi, mwenye picha ya zamani, tikiti ya treni ao masimulizi, alete ku mkutano. Tutaandika vile anavyosema, kwa Kiswahili chake, na jina lake atalitoa akitaka. Wafadhili, tunachoomba ni madaftari na kalamu tu.

Tuko pamoja.