Haikufa, Ilizimia Tu

Jamani, nimepotea kidogo. Siku hizi kila usiku nasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani, na chanzo chake ni king'amuzi cha mama. Naomba niwasimulie, maana ndani yake kuna historia ambayo sikuwahi kufundishwa pale mlimani, na nadhani wengi wenu pia hamkufundishwa.

Nyumbani kwa mama kuna king'amuzi cha siku nyingi, cha dishi kubwa, cha kushika chaneli za bure. Kilianza kugandaganda picha. Mimi msomi wa familia nikajitosa. Nikashusha fimwea mpya, nikaiweka kwenye flashi, nikaichomeka. (Fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiambia chenyewe ni nini. Bila hiyo king'amuzi ni kopo la bati lenye waya.) Mama alisema, "Mwanangu, kama kinaonyesha, kiache." Sikumsikia. Ilipofika asilimia 60 umeme ukakatika.

Uliporudi, king'amuzi kilikuwa na kitaa chekundu tu. Hakuna picha, hakuna namba kwenye kioo, rimoti hakiitikii. Saa mbili ya usiku ikafika, taarifa ya habari hakuna. Mtoto mwandishi wa habari ndiye aliyemnyima mama yake habari. Aibu hiyo sikutamani kulala nayo.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kimefanya nini?"

"Kimekufa."

Akakifungua, akanusa, akatazama bodi dakika nzima. "Kijana wangu, hiki hakijafa. Kimezimia. Kilichokufa nakijua kwa harufu." Kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi matundu kumi madogo, mistari miwili ya matano matano, hayana kitu ndani. "Huu ni mlango. Waliotengeneza waliuacha. Hawakutuachia sisi, lakini waliuacha."

Nikamuuliza unaitwaje. Akasema JTAG. Nikaandika kwenye kijitabu changu, na huo ndio mwanzo wa kukosa usingizi.

Tuanze na kile nilichokifuta. Neno lenyewe la fimwea lilitumiwa na Ascher Opler mwaka 1967, katika jarida la Marekani liitwalo Datamation. Alitaka jina la kitu kilicho katikati ya mashine yenyewe na programu za kawaida. Wakati huo kubadili kitu cha namna hiyo haikuwa kazi ya mtu aliyekaa sebuleni. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alileta chipu ya EPROM, iliyoweza kufutwa na kuandikwa upya. Ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Ukitaka kuifuta unaichomoa kwenye bodi, unaiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa dakika kama 20, halafu unaiandika kwa mashine maalumu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa na usalama wake. Hakuna mtu ambaye angeweza kuifuta kwa bahati mbaya.

Halafu akaja Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba. Mwaka 1984 aliwaeleza wataalamu wenzake, katika mkutano uliofanyika San Francisco, kuhusu kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, fungu zima kwa mpigo mmoja. Mwenzake kazini aliona ufutaji ule unafanana na mwako wa taa ya kamera, wakaiita flashi. Ndiyo hiyo hiyo uliyonayo mfukoni, na ndiyo iliyomo kwenye king'amuzi. Intel ikaanza kuuza ya kwake mwaka 1988.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Huwezi kuandika kitu kipya kwenye flashi kabla ya kufuta cha zamani. Kati ya kufuta na kuandika kuna muda ambao kifaa hakijijui. Umeme ukikatika hapo, kimekwisha. Na ikiwa kilichofutwa ni pamoja na ile programu ndogo ya kuwashia, inayosomwa kabla ya vyote, hata ukichomeka flashi yenye faili zuri hakuna wa kulipokea. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi.

Na sikuwa wa kwanza. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH, kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka kwenye kompyuta nyingi duniani, hasa Asia. Kiliharibu data, na kwenye baadhi ya mashine kikafuta na ile flashi ya kuwashia. Watu waliona kompyuta zao zimekuwa maboksi. Wengi wao hawakuwa na njia ila kubadilisha chipu au bodi nzima.

Turudi kwenye mlango. Cha ajabu ni kwamba haukutengenezwa kwa ajili ya kufufua kitu chochote. Miaka ya 1980 viwanda vilikuwa na shida nyingine kabisa. Zamani chipu zilikuwa na miguu minene inayopita kwenye bodi na kutokea upande wa pili. Kukagua kama lehemu imeshika, bodi ililazwa juu ya kitanda cha misumari, yaani sindano nyingi za kupimia, kila moja ikigusa sehemu yake. Kisha chipu zikawa ndogo, miguu ikawa myembamba na kulehemiwa juu juu, bodi zikawa na matabaka mengi na chipu pande zote mbili. Sindano zikakosa pa kugusa.

Mwaka 1985 makampuni ya Ulaya, Philips ya Uholanzi ikiwa mstari wa mbele, yakaunda kikundi cha kutafuta dawa. Wamarekani walipojiunga, neno la Ulaya likaondolewa kwenye jina, ikabaki JTAG. Mwaka 1990 pendekezo lao likapitishwa kuwa kanuni rasmi, IEEE 1149.1. Intel ikaiweka kwenye baadhi ya prosesa zake za 80486, na wengine wakafuata.

Wazo lao lilikuwa hivi, na mimi nililielewa tu pale fundi aliponieleza kwa mfano wa askari. Chukulia kila mguu wa chipu una askari getini. Siku za kawaida anaacha magari yapite, wala humuoni. Askari wote wamepangwa mstari mmoja, wanapokezana ujumbe. Waya mmoja unaingiza ujumbe kwa askari wa kwanza (TDI), mwingine unautoa kwa wa mwisho (TDO), wa tatu unapiga ngoma ya hatua (TCK), wa nne unatoa amri ya sasa tufanye nini (TMS). Waya nne tu! Siku ya ukaguzi askari wanafunga mageti. Yule wa chipu ya kwanza anatoa moja, yule wa chipu jirani anaripoti alichopokea. Kama kapokea sifuri, lehemu haikushika. Hakuna haja ya sindano tena.

Kisha watu wakagundua jambo. Miguu ya prosesa imeunganishwa na miguu ya flashi. Kwa hiyo ukiwaamuru askari wa prosesa, unaweza kujifanya wewe ndiye prosesa. Unaiambia flashi ifute, unaiambia iandike, neno baada ya neno, wakati prosesa yenyewe haina hata mstari mmoja wa programu. Mwenye mkono kazimia, lakini unamshika vidole unamwandikisha.

Ni kazi ya polepole mno. Nilipiga hesabu. Tuseme askari ni 300. Flashi nyingi za aina hiyo hudai amri ya hatua nne ili kuandika neno moja la biti 16, na kila hatua inahitaji kupitisha ujumbe mstari mzima mara tatu. Hiyo ni midundo 3,600 kwa neno moja. Waya wako ukipiga midundo 100,000 kwa sekunde, flashi ya megabaiti 2 itakuchukua zaidi ya saa 10. Lakini programu ya kuwashia ya kilobaiti 128 itakuchukua dakika 39.

Ndiyo maana fundi hakuandika yote. Alichukua kompyuta ya zamani yenye lile tundu pana la printa, akalehemu waya kwenye matundu, akaandika programu ya kuwashia peke yake. Aliitoa wapi? Alikuwa na kopi aliyoinakili miaka ya nyuma kutoka king'amuzi kizima cha mteja mwingine, bodi ya toleo lile lile. Nilikunywa chai, nikanywa ya pili. Kisha kioo cha mbele kikaandika "boot". Fimwea iliyobaki ikaingia kwa waya wa kawaida wa nyuma kwa dakika chache tu.

Sasa, je, huo mlango ni wa nani? Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi, na jibu lake nadhani lilianza kutafutwa Ujerumani.

Mwaka 1996 kundi la Kirch lilianzisha televisheni ya kulipia ya dijitali nchini humo, na likaleta king'amuzi chake, d-box. Toleo la pili, dbox2, lilitengenezwa na Nokia, Philips na Sagem. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya kutosha, lakini programu iliyokuja nayo ilikuwa ya kukokota miguu. Vijana wakaamua kukiwekea Linux wenyewe. Mtengenezaji alikuwa ameficha ile hali ya ukaguzi, basi wakajifunza kuifungua kwa kugusisha kwa muda mfupi sehemu za chipu ya kumbukumbu wakati boksi linawaka. Huo haukuwa mlango wa JTAG wa kawaida, lakini ni mlango wa ukoo huo huo, mlango wa mafundi wa kiwandani. Mradi wao uliitwa Tuxbox.

Mwaka 2002 Kirch ilifilisika. Ving'amuzi vile havikwenda jalalani. Vilidumu miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu waliokuwa navyo walikuwa wameshajua kuvifungua. Na ni huko huko Ujerumani kampuni ya Dream Multimedia ilipoleta Dreambox, king'amuzi kilichouzwa kikiwa na Linux tangu dukani. Mwaka 2005 mwanafunzi wa chuo cha Augsburg, Dominic Rath, alitoa programu ya bure ya kuzungumza na milango hii, OpenOCD, iliyokuwa kazi yake ya kumalizia masomo. Inatumika mpaka leo.

Nisijifanye mtakatifu. Wapo walioingia kwa mlango huo huo kuiba. Vita ya wenye vituo na wezi wa mawimbi ilikuwa kali. Januari 2001 kampuni ya DirecTV ya Marekani ilirusha amri kutoka angani iliyoua kadi nyingi zilizochezewa kwa siku moja, na kuziandika ndani maneno GAME OVER. Kwa hiyo siwalaumu moja kwa moja watengenezaji walioanza kuufunga mlango. Siku hizi chipu nyingi zina fyuzi ndogo ndani. Kiwanda kikimaliza ukaguzi, kinaichoma, na mlango haufunguki tena. Nyingine zinakataa fimwea yoyote isiyo na sahihi ya mwenye kiwanda.

Lakini nifikirieni mama yangu. Hakuiba chaneli. Kifaa ni chake, kakinunua kwa pesa yake. Kama fyuzi ingekuwa imechomwa, chipu nzima, bodi nzima na pawasaplai nzima vingetupwa kwa kosa la nusu dakika la mtoto wake. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, inayogusa friji, mashine za kufulia, simu na vingine. Ving'amuzi havikuwamo kwenye orodha hiyo. Na sisi ambao vifaa vya wenzetu huja kumalizia maisha yao huku, tumeshawahi hata kulijadili jambo hili? Mwizi asiingie, sawa. Lakini mwenye nyumba naye alale nje?

Fundi alipomaliza hakuniruhusu niondoke. Alisoma flashi yote kurudi kwenye kompyuta yake, akaihifadhi na namba ya bodi. "Huyu ameshakuwa daktari wa wenzake," akasema.

Jioni mama aliona taarifa ya habari ya saa mbili tangu mwanzo hadi hali ya hewa. Kisha akageuka: "Umejifunza nini huko Kariakoo?" Nikaanza habari za Philips na askari wa getini. Akanikatisha: "Mimi nilidhani umejifunza kutokigusa."

Hilo pia, mama. Na lingine dogo kwenu nyote: kabla hujafuta, nakili. Haya, tuonane wiki ijayo.