Kwa nini wateja wa wakili mmoja husimulia mambo tofauti

Anayeulizia habari za wakili yeyote mjini, uwe Kisii, Nyeri au Voi, hakosi kupata majibu mawili yasiyolingana. Mmoja atasema wakili huyo ndiye aliyeliokoa shamba la babake. Mwingine ataapa kuwa afadhali angejitetea mwenyewe mbele ya hakimu. Huenda wote wawili wanasema kweli. Mara nyingi tofauti haitokani na ufasaha wa wakili kortini, bali na yaliyofanyika ofisini mwake, au yaliyokosa kufanyika: mapatano ya ada, utunzaji wa fedha za mteja, na habari anazopewa mteja kesi inapoendelea.

Mfano mzuri ni wa abiria wawili waliojeruhiwa katika matatu moja. Wa kwanza anafikiwa angali kitandani hospitalini na mtu anayejitambulisha kuwa ametoka "kwa ofisi ya wakili". Anatia sahihi karatasi asizozisoma, anakabidhi abstrakti ya polisi na fomu ya P3, na kwa miezi mingi haoni sura ya wakili wake. Wa pili anakwenda ofisini mwenyewe, anaandikiana na wakili kuhusu malipo, anapewa risiti kwa kila shilingi na nakala ya kila hati iliyowasilishwa mahakamani. Kesi zao zinaweza kusikizwa siku moja na hakimu mmoja, na hata fidia zao zikakaribiana. Hata hivyo, kumbukumbu zao za mawakili zitakuwa mbingu na ardhi.

Sababu ni kwamba kampuni ya bima inapolipa, kwa kawaida fedha hupitia kwa kampuni ya mawakili, si moja kwa moja kwa majeruhi. Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka wakili kuziweka fedha za mteja katika akaunti ya benki iliyo tofauti na yake. Abiria wa pili anajua kiasi kilichotolewa, kwa kuwa ana nakala ya hukumu na mkataba wa ada. Wa kwanza hana chochote. Akiambiwa fidia ni ndogo, anaamini. Akiambiwa haijalipwa, anarudi nyumbani kungoja. Malalamishi mengi machungu dhidi ya mawakili huzaliwa hapa, wala si katika kushindwa kwa kesi. Fauka ya hayo, kutumia madalali kusaka wateja ni jambo lililopigwa marufuku na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya. Mteja aliyepatikana kwa njia hiyo huwa ameanza safari yake kwa mguu mbaya.

Kuhusu ada, wateja wengi hushangaa kusikia kwamba wakili hana uhuru wa kutoza apendavyo. Kuna Kanuni za Malipo ya Mawakili, zilizofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014, zinazoweka viwango vya chini kulingana na aina ya kazi na thamani yake. Wakili anayejinadi kuwa rahisi kuliko wenzake wote huenda anavunja sheria. Mapatano ya ada nje ya viwango hivyo yanapaswa kuwa katika maandishi na kutiwa sahihi na mteja. Pia, yale makubaliano yanayopendwa sana vijijini, ya kwamba "nikishinda ndipo unilipe", hayatambuliwi na sheria, sawa na yale ya kumfanya wakili awe mshirika katika mali inayogombaniwa. Pengine msimamo huo ni mkali kwa maskini asiye na senti ya kuanzia, lakini ndio uliopo.

Gharama ambazo mahakama humwamuru aliyeshindwa azilipe nazo huleta mvutano usiokwisha. Gharama hizo ni haki ya mhusika aliyeshinda, si bakshishi ya wakili wake, ingawa wakili naye anamdai mteja ada yake. Wawili hao wakikosa kuelewana kuhusu hesabu, wakili anaweza kutakiwa kuandika orodha kamili ya kazi aliyofanya, ikapelekwa kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu aikague na kuamua kiasi kinachostahili.

Si kila lawama inamstahili wakili. Jaji huhamishwa, faili hupotea katika masjala, na upande wa pili huomba kuahirishiwa. Lakini kuna kuchelewa kusikosameheka. Kesi ya madai ya majeraha yafaa kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita, ya mkataba miaka sita, na ya kudai ardhi miaka 12. Mteja anayehakikishiwa kila mara kwamba kesi "iko kortini" anapaswa kuomba nambari yake. Yule aliye nayo anaweza kwenda mwenyewe masjala kuuliza.

Kabla ya hayo yote kuna swali la kama mtu huyo ni wakili kweli. Cheti cha kuhudumu hutolewa upya kila mwaka, na Chama cha Mawakili nchini (LSK) kina sehemu katika tovuti yake ya kutafuta jina na hali ya wakili. Mwaka 2023 taifa liliduwazwa na madai kwamba kijana mmoja alitumia utambulisho wa wakili halisi kufika kortini. Kwa upande mwingine, mteja hapaswi kuadhibiwa kwa kosa la wakili aliyesahau kuchukua cheti: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kuwa hati haibatiliki kwa sababu hiyo pekee.

Aliyedhulumiwa anaweza kuandikia Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya afisi ya Mwanasheria Mkuu, bila kulipa chochote. Tume hiyo haibadilishi hukumu, na kushindwa kwa kesi peke yake si utovu wa nidhamu. Mambo mazito hufika mbele ya Jopo la Nidhamu, lenye uwezo wa kumsimamisha wakili kwa muda usiozidi miaka mitano, kulifuta jina lake kabisa au kumwamuru amlipe mlalamishi fidia isiyozidi Sh5 milioni. Kukatalia fedha alizoaminiwa ni kosa la jinai vilevile.

Mteja pia ana haki ya kubadilisha wakili, ijapokuwa baada ya hukumu atahitaji idhini ya mahakama au maafikiano ya mawakili wenyewe, na wakili wa awali anaweza kuzuilia faili hadi alipwe. Kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Sheria inataka kesi zake zikamilike katika siku 60, na mlalamishi anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe bila wakili.