Nyungu, Hamamu na Sauna

Wapo vijana wetu waliosoma ambao, ukiwatajia nyungu, hucheka na kusema hayo ni mambo ya bibi zao. Lakini ukiwatajia sauna husikiliza kwa adabu, kwa kuwa neno hilo limetoka Ulaya na katika hoteli kubwa huduma hiyo hulipiwa fedha. Mimi naona kwamba yote mawili ni ndugu wa damu. Ni binadamu aliyeamua kuupa mwili wake joto ili utoe jasho, akiamini kwamba jasho likitoka na maradhi yatatoka. Historia ya jambo hili ni ndefu, na sisi wa Mpanda tulipaswa kuikumbuka vizuri mwaka 2020.

Nyungu, kwa asili, ni chungu tu. Majani huchemshwa humo, chungu huteremshwa, mgonjwa huketi mbele yake na kufunikwa blanketi pamoja nacho. Hapa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, wanaishi Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma na wengineo, na kila nyumba ina majani yake: mwarobaini, mkaratusi, mchaichai, mlimao, mpera. Ilikuwa dawa ya mafua, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya huku huwashangaza wageni. Tena nyungu haikuwa peke yake. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, na wenye maumivu ya viungo waliyafuata maji yatokayo ardhini yakiwa tayari na joto. Kule Mpimbwe pana mahali panapoitwa Maji Moto, na jina limejieleza lenyewe.

Kwetu nyumbani nyungu ilikuwa na sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Mgonjwa hakuachwa peke yake. Bibi aliketi kando, akisema naye kupitia blanketi, na mgonjwa akinyamaza alifunuliwa mara moja. Watoto wadogo walifukuzwa uani. Chungu kiliwekwa chini, juu ya udongo, kikashikizwa kwa mawe.

Pwani nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, Shehrazad, nyumba ya kuogea huko Kidichi, Unguja, yenye nakshi za maua na ndege ukutani. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu mjini kwa ajili ya watu wote, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Ilifungwa mwaka 1920, lakini majengo yamebaki na wageni hupelekwa kuyatazama. Katika hamamu, maji yalichemshwa pembeni na watumishi wa kazi hiyo, si mbele ya magoti ya mwogaji.

Ama sauna ni ya Wafini. Watu wale ni takriban milioni tano na nusu, na inakadiriwa wana sauna zipatazo milioni tatu. Zamani wanawake wao walijifungulia humo, na maiti zilioshwa humo. Mwaka 2020 UNESCO iliandika utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2015 watafiti wa huko walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka mingi, wakaona kwamba walioingia sauna mara nyingi kwa wiki walipatwa kwa uchache zaidi na vifo vya ghafla vya moyo. Hiyo haithibitishi kwamba sauna ndiyo iliyowakinga, lakini si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, mwaka 2010, katika mashindano ya kuvumilia joto huko Heinola, mshindani mmoja kutoka Urusi alifariki katika chumba chenye nyuzi 110. Mashindano hayo hayakufanyika tena. Hata wenye sauna yao, walipoifanya mchezo, iliua.

Hapo msomaji atauliza: Mfini huketije katika hewa ya nyuzi 80 hadi 100 asiungue, na mtoto wa hapa aungue kwa sufuria moja? Jibu lipo katika fizikia ya shule. Hewa ya sauna ni kavu kwa sehemu kubwa, hubeba joto kidogo, na jasho hupata nafasi ya kukauka na kuupoza mwili. Mvuke wa maji yanayochemka ni kitu kingine. Gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi na kugeuka maji huachia kalori 540. Maji hayo hayo, yakipoa kutoka nyuzi 100 hadi joto la mwili, huongeza kalori 63 tu. Kwa hiyo mvuke humwachia mtu joto karibu mara kumi ya lile la maji ya moto yenyewe, tena bila kuonekana vizuri.

Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ukiwa umekwisha kuingia nchini, Rais John Magufuli, aliyekuwa mwalimu na msomi wa kemia, aliwahimiza wananchi kujifukiza. Alieleza kwamba virusi vina mafuta na joto huviyeyusha. Watu waliitika. Niseme kwa heshima kwamba hoja ile ilikuwa na sehemu ya kweli, kwani sabuni na joto kali huviharibu virusi vilivyo nje ya mwili. Lakini virusi vikishaingia hukaa ndani ya chembe hai, na mwili hujilinda usizidi sana nyuzi 37. Mvuke wenye moto wa kuviua virusi pale ungeiua pua kwanza. Shirika la Afya Duniani lilisema mapema kwamba kuoga maji ya moto hakuzuii ugonjwa huo. Mwaka huo huo madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliandika kwamba watoto walioungua kwa kujifukiza walikuwa wameongezeka sana hospitalini kwao. Ujinga huo, basi, haukuwa wa Waafrika peke yao.

Katika mtaa wetu mtoto wa miaka minne aliingizwa chini ya blanketi pamoja na mama yake. Sufuria ilikuwa juu ya kigoda. Mtoto alirusha mguu. Alipona, lakini mapaja yake yana makovu mpaka leo. Mama yule alikuwa amechukua chungu kutoka kwa bibi yake, na zile sheria hakuzipata.

Lipo na la pili, ambalo kwa mkoa huu wenye mbu ni kubwa zaidi. Homa si mafua. Mtoto mwenye malaria akifukizwa atatoa jasho, atapoa kidogo, na mzazi atafurahi, huku vimelea vinaendelea na kazi yao. Tangu mwaka 2006 nchi yetu inatumia dawa ya mseto, na kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika chache. Mwenye homa apelekwe kupimwa kwanza.

Atakayependa kujifukiza kwa mafua na afanye, kwa kuwa wengi huona nafuu, lakini ashike haya. Chungu kiwe kizito, chenye kitako kipana, kikae chini na si juu ya kiti. Kiepuliwe motoni, kiachwe kipungue ukali, ndipo blanketi lifuate. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chini ya blanketi wala katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Dakika chache zinatosha, kisha mtu anywe maji. Awepo mtu mzima kando. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, moyo au pumu amwulize daktari kwanza, aliyelewa asikaribie, na watoto wadogo wasifukizwe kabisa. Mwenye uwezo wa kujenga sauna nyumbani naye aweke mlango unaofunguka kwa kusukuma nje, usio na komeo, na tundu la hewa. Akiungua mtu, amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, apelekwe hospitali.

Bibi zetu hawakujua kalori 540, lakini waliketi kando ya blanketi. Tukiwarithisha wajukuu chungu, tuwarithishe na kuketi kule.