Ziwa Natron: Magadi yanayolinda flamingo
Maji ya Ziwa Natron, mkoani Arusha, yana magadi makali ya kuunguza ngozi. Sasa flamingo (wengine huwaita heroe) wanafuata nini pale?

Wanafuata msosi. Magadi ya volkano, joto na jua, vyote visivyo na uhai, hustawisha bakteria wadogo sana wanaojitengenezea chakula kama mimea. Flamingo huwachuja majini kwa mdomo, na rangi ya bakteria hao ndiyo huwapa ndege ule uwaridi.

Ulinzi nao ni wa bure: fisi na mbweha hawavuki kirahisi tope lile la magadi. Ila kina cha maji kikizidi, viota vinazama. Yakikauka, fisi anatembea hadi kwenye mayai. Na Afrika Mashariki, flamingo wadogo hawana ziwa jingine wanalotegemea kuzaliana.