Kuku wa Rous na mabishano ya bwenini

Jana bwenini tulibishana mpaka saa saba usiku: kansa inaletwa na nini? Mmoja kasema virusi, mwingine kasema moshi wa sigara. Mimi nikaleta habari ya kuku, wakanicheka. Haya, someni basi.

Mwaka 1909 mfugaji mmoja alimpelekea Peyton Rous, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller, New York, kuku mwenye uvimbe kifuani. Rous akausaga uvimbe ule, akauchuja mpaka isibaki seli hata moja, kisha yale maji akawadunga kuku wazima. Nao wakaota uvimbe! Matokeo aliyatoa 1911. Kumbe mlikuwa na kirusi. Wengi hawakumwamini, Nobel aliipata 1966, akiwa mzee wa miaka 87.

Mtu wa virusi asishangilie bado. Mwaka 1976 Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao walitafuta ile jeni ya kansa ya kirusi hicho, iitwayo src, wakaikuta ndani ya kuku wazima wasio na ugonjwa wowote. Jeni ni ya kuku mwenyewe, kirusi kiliiokota tu njiani! Hata sisi binadamu tunayo. Bishop na Varmus wakapata Nobel 1989.

Sasa inafanya nini? Seli haijigawi ovyo, inangoja ishara kutoka nje. Ishara ikifika, protini moja inaiamsha nyingine, kama wakimbiaji wanaopokezana vijiti, mpaka kwenye kiini. Src ni mmoja wa wakimbiaji hao, na ina mkia unaoizima kazi ikiisha. Ile ya kirusi haina kipande hicho cha mkia. Basi inawaka muda wote, seli inaambiwa "gawanyika" wakati hakuna aliyeagiza.

Ujuzi huo umeokoa watu. Kuna kansa ya damu ambapo jeni mbili huungana kimakosa na kuzaa protini ya jamii hiyohiyo isiyozimika. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachoizuia, na wagonjwa wengi waliokuwa wakihesabu miaka michache sasa wanazeeka.

Kwa hiyo wanangu wa bwenini, wote mlikuwa na kipande cha jibu. Kirusi au moshi, mara nyingi kinachoharibika ni swichi zetu wenyewe. Nalala, kesho testi saa mbili!