Dawa za maumivu wakati wa chanjo

Parasetamoli na ibuprofeni ni dawa za kushusha homa na kutuliza maumivu, lakini si za kumpa mtoto kabla hajachanjwa. Utafiti uliofanyika Ucheki na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto waliopewa parasetamoli kama kinga walipata homa kidogo, ila miili yao ilitengeneza kingamwili chache zaidi. Shirika la Afya Duniani halishauri kumeza dawa za maumivu kabla ya chanjo. Homa au maumivu yakija baadaye, parasetamoli inafaa, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa dozi moja. Aspirini asipewe.

Homa baada ya chanjo inaweza pia kuwa na sababu nyingine. Kwa mfano, Luena, mji wa makaa ya mawe katika mkoa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye reli ya Lubumbashi–Kamina, uko katika ukanda wa malaria. Kwa hiyo si kila homa ni ya sindano. Mtoto mwenye homa apimwe malaria mapema, bila kusubiri. Matone ya polio, yaliyotolewa kwa wingi mkoani humo baada ya mlipuko wa 2017, ni nadra kuleta homa. Basi, kidonge kabla ya matone hayo ni cha nini?